JICHO NA MKONO: UJUMI KATIKA HISTORIA YA KUWAANDAA WALIMU WA UFUNDI KALEMIE NA MWAMBAO WA MAGHARIBI WA ZIWA TANGANYIKA

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza nafasi ya ujumi katika historia ya kuwaandaa walimu wa ufundi huko Kalemie, na katika misheni zilizo kusini mwake, kwenye mwambao wa magharibi wa Ziwa Tanganyika. Kwa mwalimu wa ufundi tunamaanisha mtu anayeandaliwa kufundisha useremala, uashi, ushonaji, uhunzi au kazi nyingine ya mkono. Mtu huyu hupaswa kujua mambo mawili kwa pamoja: kazi yenyewe, na namna ya kuirithisha. Kwa mwamko wa kijumi tunamaanisha uwezo wa kuona umbo la kitu, kulipima kwa jicho, na kueleza kwa nini umbo hili linafaa kuliko jingine.

Kalemie, iliyoitwa Albertville enzi za Wabelgiji, imekuwa makao makuu ya mkoa wa Tanganyika tangu mkoa huo ulipoundwa mwaka 2015. Historia yake huelezwa zaidi kwa bandari, reli na vita. Historia ya karakana zake haijashughulikiwa kwa kiasi hicho, ingawa humo ndimo vizazi kadhaa vya mafundi vilimofunzwa kutazama mbao, tofali na kitambaa.

Hoja yetu ni kwamba mwanafunzi wa ualimu wa ufundi katika eneo hili hakuwahi kukosa ujumi. Alichokosa ni nafasi ya kuutumia kazini. Mpango wa elimu ya kikoloni uliutenga mkono na jicho: mkono ukapelekwa karakanani na jicho likapelekwa mahali pengine. Utengano huo ulidumu baada ya uhuru kwa sababu uligeuka kuwa mazoea ya shule. Tutaanza na istilahi, kisha tutafuata mfululizo wa matukio kuanzia kabla ya 1885 hadi siku zetu.

2.0 Fundi, Sanaa na Ujumi

Lugha ya Kiswahili yenyewe ni shahidi wa kwanza. Neno fundi linahusiana na vitenzi kufunda, kufunza na kufundisha, na pia na nomino mwanafunzi na fundisho. Kungwi humfunda mwari. Fundi humfunza mwanagenzi. Kwa hiyo, katika mantiki ya lugha, fundi ni mtu wa kazi na mtu wa mafunzo kwa wakati mmoja. Neno mwalimu tulilipata kutoka Kiarabu, na lilipoingia shuleni lilichukua upande wa kitabu, likamwachia fundi upande wa nyundo na randa.

Neno sanaa nalo lina asili ya Kiarabu, kutoka katika mzizi wenye maana ya kutengeneza. Hapo mwanzo halikutenganisha kitu cha kutazamwa na kitu cha kutumiwa. Mlango wa nakshi ni sanaa, na bado ni mlango. Hufungwa na kufunguliwa kila siku. Istilahi ujumi, iliyozoeleka katika uhakiki wa fasihi, imekuja baadaye kutaja fikra kuhusu uzuri kwa jumla. Bahati mbaya ni kwamba imebaki zaidi katika mihadhara ya ushairi na riwaya, na haijashuka vya kutosha hadi kwenye meza ya seremala.

Methali zetu hazikungojea istilahi hiyo. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti: hapa tunaonywa kwamba sura isiyolingana na kiini ni udanganyifu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza: hapa tunaambiwa kwamba umbo lina thamani sokoni. Methali hizi mbili zikiwekwa pamoja zinatoa karibu mtaala mzima wa ujumi wa ufundi. Uzuri ni lazima utoke ndani ya kazi, na ukitoka humo huleta riziki.

3.0 Jicho Kabla ya Shule

Kusini mwa mto Lukuga, kuelekea milima ya Marungu, Watabwa na jirani zao walikuwa na mfumo wa maumbo uliotambulika kwa urahisi. Umbo lililo maarufu kuliko yote ni safu za pembetatu zinazotazamana, ziitwazo balamwezi, yaani kuchomoza kwa mwezi mpya. Msomaji wa Kiswahili atalitambua neno mwezi mara moja. Pembetatu hizo zilionekana katika mikeka na vikapu, katika vigoda na vitu vingine vya mti vilivyochongwa, na katika chale za mwilini.

Mwanaanthropolojia Allen Roberts, aliyeishi Lubanda karibu na Mpala katikati ya miaka ya 1970, ameeleza kwamba balamwezi halikuwa pambo tupu. Usiku usio na mwezi ulihofiwa, na kurudi kwa mwezi kulikuwa dalili ya matumaini na uwazi. Kitabu alichokihariri pamoja na Evan Maurer mwaka 1985 kuhusu karne moja ya sanaa ya Watabwa kilichukua jina lake kutokana na umbo hilo hilo.

Kwa mada yetu, jambo la kuzingatia ni namna umbo hili lilivyojifunzwa. Msusi wa mkeka hawezi kuichora pembetatu popote apendapo. Ni lazima ahesabu ukindu, ajue ni upi utapita juu na upi chini, na aone mwisho wa safu kabla hajaianza. Mchongaji hukutana na umbo lile lile katika mti, ambako nyuzi za mti humzuia upande mmoja na kumruhusu upande mwingine. Mwanagenzi anayeliona umbo moja likivuka kutoka ukindu hadi mti, na kutoka mti hadi ngozi, hujifunza bila kuambiwa kwamba kila malighafi ina tabia yake, na kwamba fundi mzuri huifuata tabia hiyo. Hapo jicho na mkono vilifunzwa kwa pamoja, na fundi alikuwa ndiye mwalimu.

4.0 Karakana za Misheni

Mei 1883 Luteni Émile Storms, Mbelgiji aliyetumwa na Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, alianzisha kituo cha Mpala. Desemba 1884 watu wake walikishambulia kijiji cha mtemi Lusinga na kumwua. Sanamu ya wahenga iliyokuwa ya Lusinga ilichukuliwa pamoja na fuvu lake. Sanamu hiyo imo hadi leo katika jumba la makumbusho la Tervuren, nchini Ubelgiji, lililopokea mkusanyo wa Storms kutoka kwa mjane wake katika miaka ya 1930. Mwaka 2022 sanamu ya kichwa cha Storms mwenyewe iliondolewa katika bustani moja ya Brussels.

Tukio hili linaihusu elimu ya ufundi moja kwa moja. Kazi bora za wachongaji wa mwambao ziliondoka mahali ambapo mwanagenzi angeweza kuzitazama, zikaenda mahali ambapo watazamaji hawakuwa na haja ya kujua patasi ilivyoshikwa. Kielelezo kilitengwa na karakana.

Mwaka 1885 Mpala ilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe. Baadaye walijenga pia Baudouinville, ambayo ni Moba ya leo, chini ya Askofu Victor Roelens. Makanisa, nyumba na maghala yalihitaji waashi, mafundi wa matofali na maseremala, nao walifunzwa kwenye kazi yenyewe. Lugha ya mafunzo hayo kwa sehemu kubwa ilikuwa Kiswahili. Mkataba wa tarehe 26 Mei 1906 kati ya Dola Huru ya Kongo na Vatikani uliipa hali hiyo nguvu ya sheria: misheni zingepewa ardhi, hekta 100 na mahali pengine 200, na kwa upande wao zingefungua shule zitakazofundisha kilimo na kazi za mikono.

Ni haki kusema kwamba karakana hizo zilileta elimu ya kweli. Timazi, pima maji na bikari ni walimu wakali wa jicho. Mtu aliyejenga tao la matofali likasimama amejifunza jambo kuhusu uzito na umbo ambalo halisahauliki. Hata hivyo, mchoro ulitoka kwa bruda au padri, na sifa ya kazi ilikuwa kufanana na mchoro. Mwanafunzi alifundishwa kutambua kosa, hakufundishwa kufanya uchaguzi. Linganisha na njia ya kitabu katika misheni zile zile. Stefano Kaoze, aliyesoma Mpala na kupadirishwa mwaka 1917 akiwa Mkongo wa kwanza katika nyakati za kisasa, alichapisha mwaka 1910 na 1911 maandishi yake kuhusu fikra za Wabantu. Njia ya kitabu ilimruhusu mtoto wa Marungu kueleza mawazo ya watu wake. Njia ya karakana ilimtaka mwenzake atii kipimo.

5.0 Njia Tatu za 1929

Reli kutoka Kabalo ilifika Albertville mwaka 1915, na mji ukahitaji mafundi wa reli, bandari na meli. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ulipata pia kiwanda cha nyuzi na nguo, Filtisaf. Serikali ya kikoloni ilikuwa imekwisha kupanga elimu kwa ajili ya mahitaji ya namna hii. Mpango wa shule za misheni zilizopewa ruzuku, uliotolewa mwaka 1929, uliweka baada ya shule ya msingi njia tatu: ya makarani, ya walimu na ya mafundi.

Mgawanyo huu unaonekana kuwa wa kawaida, lakini tukiutazama kwa jicho la istilahi zetu tutaona uzito wake. Kile ambacho lugha ilikiunganisha katika neno fundi kiligawanywa katika vyumba viwili. Aliyekwenda njia ya ualimu aliandaliwa kwa kusoma, kuandika, hesabu na dini. Aliyekwenda njia ya ufundi aliandaliwa kwa ajili ya kazi. Mwalimu wa ufundi, ambaye angehitaji vyote viwili, hakuwa na chumba chake.

Sanaa nayo ilipata makao ya tatu, mbali zaidi. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha huko Elisabethville, mji mkuu wa Katanga, karakana ya uchoraji iliyojulikana kwa jina la Hangar. Humo walitokea Bela, Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga, ambao picha zao za samaki, ndege na wanyama zilipata sifa nje ya nchi. Mwaka 1951 Laurent Moonens alianzisha katika mji huo huo Akademia ya Sanaa. Huko Leopoldville ilikuwako shule ya Saint-Luc, iliyoanzishwa na Bruda Marc Wallenda huko Gombe-Matadi mwaka 1943 na kuhamishwa baadaye. Hizi zilikuwa taasisi za maana. Lakini kuwapo kwake kulithibitisha mgawanyo: aliyetaka kufundishwa kutazama alikwenda Akademia, na aliyetaka kufundisha useremala hakutazamiwa kufika huko. Kwa namna hii Katanga ilikuwa na wachoraji waliofahamika Ulaya, na wakati huo huo vijana wa Albertville wakijifunza kutengeneza kiti kwa kunakili kiti.

6.0 Mifano ya Kwingineko

Je, hali hii haikuepukika? Mifano mitatu inaonyesha kwamba njia nyingine zilijulikana.

Wa kwanza ni wa Nääs, nchini Uswidi, ambako tangu miaka ya 1870 Otto Salomon aliwaandaa walimu wa kazi za mikono, wakiwamo wengi kutoka nchi nyingine. Miongoni mwa malengo yake, pamoja na usahihi na usafi wa kazi, alitaja waziwazi kulifunza jicho kuona umbo. Mwanafunzi alianza na kitu kidogo cha matumizi ya nyumbani, kama kijiko au mpini, ambacho mistari yake iliyopinda haipimiki kwa rula peke yake.

Wa pili ni wa shule ya Bauhaus, iliyofunguliwa Weimar, Ujerumani, mwaka 1919. Waanzilishi wake walikiri kwamba hawakuwa na mtu aliyejua umbo na kazi kwa pamoja. Kwa hiyo kila karakana ilipewa wakuu wawili, mmoja wa umbo na mmoja wa ufundi. Shule ilipohamia Dessau mwaka 1925, baadhi ya wahitimu wake wenyewe walikuwa tayari kushika nafasi zote mbili. Funzo ni kwamba mwalimu wa namna hiyo hupatikana kwa kuandaliwa, na maandalizi hayo huchukua miaka michache tu pale panapokuwa na nia.

Wa tatu ni wa jirani zetu. Mwaka 1937 Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa katika baraza ya nyumba yake Kampala, na darasa hilo likakua kuwa shule ya sanaa ya Makerere. Mwaka 1953 yeye na Klaus Wachsmann walichapisha kitabu kikubwa kuhusu kazi za mikono za Uganda, kikionyesha kwa michoro jinsi kikapu kinavyosukwa na jinsi ngoma inavyowambwa. Tunaweza kuupinga mtazamo wa Trowell katika mambo kadhaa, hasa imani yake kwamba Mzungu ndiye angeamua lipi ni la Kiafrika. Hata hivyo kitabu hicho kilimpa mwalimu rejesta ya maumbo iliyoeleza pia namna ya kuyatengeneza. Rejesta ya namna hiyo kwa ajili ya shule za ufundi za mwambao wa magharibi ingekuwa na faida kubwa.

7.0 Baada ya Uhuru

Uhuru wa 1960 ulifuatwa na misukosuko. Mwaka 1964 waasi waliuteka mji wa Albertville, ukakombolewa mwaka huo huo. Siasa ya uhalisi iliyotangazwa Zaire mwanzoni mwa miaka ya 1970 iliitukuza sanaa ya wahenga, na Taasisi ya Makumbusho ya Taifa ilianzishwa mwaka 1970. Kati ya 1976 na 1982 Ubelgiji ilirudisha vitu zaidi ya mia moja. Lakini mahali pa sanaa hiyo palikuwa Kinshasa, na leo pia Makumbusho ya Taifa yaliyofunguliwa mwaka 2019 yako huko huko. Mwanafunzi wa ualimu wa ufundi aliyeko Kalemie yuko mbali na Kinshasa karibu kama alivyo mbali na Tervuren.

Walimu wa ufundi wa Katanga walipata taasisi ya juu ya ualimu wa ufundi huko Likasi. Hayo yalikuwa maendeleo ya kweli, kwani hatimaye chumba kilichokosekana mwaka 1929 kilijengwa. Lakini Likasi ni mji wa madini, na Kalemie ni mji wa ziwa. Kisha zikaja vita vya 1996 na 1998, Filtisaf ikafungwa, na kuanzia mwaka 2016 mapigano kati ya Waluba na Watwa yakawakimbiza watu wengi hadi pembezoni mwa mji.

Msomaji anaweza kuuliza kama katika hali hiyo inafaa kuzungumzia uzuri. Mwalimu asiye na mbao, ambaye mshahara wake huchelewa, ana haja gani na ujumi? Jibu letu ni kwamba ujumi ndiyo sehemu ya ufundi isiyohitaji malighafi ya ziada. Mshonaji anayekata kitenge hutumia kitambaa kile kile, ama maua yakutane kwenye mshono ama yakatike vibaya. Seremala hutumia ubao ule ule, ama nyuzi zake zifuate urefu wa mguu wa kiti, ukawa imara na wa kupendeza, ama zikatwe kimshazari, ukavunjika. Tofauti ni uamuzi unaofanywa kabla ya mkasi au msumeno kushuka. Penye uhaba uamuzi huo una thamani zaidi, maana kitambaa kilichokatwa vibaya hakirudi. Aidha, kiti cha plastiki kutoka ng'ambo hakishindwi kwa bei. Kitashindwa na kiti ambacho mnunuzi anakipenda.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba ukosefu wa mwamko wa kijumi katika maandalizi ya walimu wa ufundi una chanzo cha kihistoria: kielelezo kilichukuliwa, mchoro ukawa mali ya mwingine, na fundi akatengwa na ualimu. Jambo lenye chanzo cha kihistoria linaweza kurekebishwa.

Marekebisho hayo yaanzie karibu. Kila mwanafunzi wa ualimu wa ufundi na akusanye kutoka kwao maumbo machache, ya mkeka, kigoda, kasia, mtumbwi au kitambaa. Ayapime, ayachore, atengeneze moja kwa mkono wake, na aeleze kwa Kiswahili mbele ya wenzake kwa nini linapendeza na linafanya kazi gani. Ni vema maumbo yatoke kwa Watabwa, Waholoholo, Waluba, Watwa na Wabembe bila kabila moja kufanywa nembo ya wote. Katika mkoa ambao majirani wamepigana, kumsikiliza mwenzako akieleza kikapu cha mama yake ni elimu ya pili ndani ya ile ya kwanza.

Nasi wanafunzi na walimu wa Kiswahili tunao wajibu wetu hapo. Majina ya viungo vya mbao, aina za msuko, sehemu za mtumbwi na mitindo ya mshono yanajulikana kwa mafundi wa mwambao, na mengi hayamo katika kamusi zetu. Mwalimu hawezi kueleza umbo asilokuwa na jina lake. Kuyakusanya maneno hayo wakati mafundi wazee wangali hai ni kazi ya vyuo vyetu, na bado hatujaianza inavyostahili.